Mwezi wa Juu ya Paa la Jiko

Nilimsikia mjomba wangu kabla sijamwona. Ilikuwa miaka ile ya foleni, nami nilikuwa mkubwa kiasi cha kutumwa kushika nafasi, lakini si kiasi cha kukabidhiwa sabuni yenyewe. Tulikuwa mbele ya duka la ushirika, bibi, mimi na jiwe letu lililolala pale tangu jana kutuwekea zamu, mara tarumbeta ikalia upande wa stesheni. Ililia kwa furaha, ikipanda na kushuka kama mtu anayekimbia kwenye ngazi za nyumba isiyo yake. Foleni nzima ikanyooka. Waliochomekea katikati wakajitoa wenyewe, maana kila mtu alidhani anakuja mkubwa wa mkoa kukagua. Bibi peke yake hakunyooka. Alitega sikio, akasema, "Hiyo tarumbeta ni ya mume wangu. Na mume wangu nimemzika."

Ndipo mjomba akatokeza kwenye kona, suruali ya kiraia imemwishia juu ya vifundo, tarumbeta mdomoni, begi hana. Babu alikuwa ameipiga tarumbeta ile katika ngoma ya beni enzi zake, akamwachia yeye, naye akaenda nayo jeshini, huko wakamfanya mpiga tarumbeta wa kambi. Tulikuwa tukijivuna naye. Bibi alimtazama kutoka kichwani hadi kwenye vile vifundo.

"Likizo?"

"Si likizo, mama."

"Umestaafu?"

"Si kustaafu, mama."

Bibi akainama akaliokota jiwe letu. Hadi leo sijui alitaka kumpiga nalo au alitaka tu kulishika, kwa kuwa papo hapo lori la sabuni lilifika kweli, na watu wote, ambao sasa walikuwa kwenye mstari mzuri kuliko siku yoyote ya mwaka, walipata sabuni. Kwa muda wa wiki nzima mtaani walimpenda sana mjomba.

Halafu wakauliza alitokaje jeshini.

Bibi alikuwa na elimu yake kuhusu jambo hilo. Alisema mwanamume hutoka jeshini kwa milango mitatu: kwa ngoma, kwa mkongojo, au kwa teke. Anayetoka kwa ngoma amemaliza miaka yake, anapewa mkono na kofia, na watu wanamwita Afande mpaka kaburini. Anayetoka kwa mkongojo ameumia, naye anapewa heshima ile ile na kiti mbele kwenye kila shughuli. Anayetoka kwa teke hapewi kitu, ila lile teke huenda naye. "Linamtangulia kila mlango anaobisha," bibi alisema. "Akifika, limeshakaa kitako linanywa chai."

Na teke la mjomba lilitoka wapi? Alitusimulia mwenyewe, uani, akichambua mchele ili mikono isikae bure.

Kambi yao ilikuwa bara, mbali sana. Ilikuwa Ramadhani, siku ya ishirini na tisa, na mjomba alikuwa lindoni kwenye mnara mdogo, tarumbeta kifuani. Jua lilikuwa linazama. Mtu wa pwani, hata umpeleke wapi, siku ya ishirini na tisa jicho lake haliko ardhini. Akautafuta mwezi, akauona: mwembamba, mweupe, umepinda kama ukucha, juu kidogo ya paa la jiko. Moyo ukampaa. Kwetu mwezi wa Idi ukionekana haunyamaziwi. Hupigwa pembe, hupigwa madebe, watoto hupiga chochote. Akaishika tarumbeta.

"Sasa mlio upi?" alituuliza, kana kwamba sisi tulikuwepo. "Milio ya jeshi ni mingi, na hakuna hata mmoja wa furaha. Wa kuamka una usingizi. Wa chakula una njaa. Wa kushusha bendera unaliza. Uliokuwa na uchangamfu kidogo ni ule wa hatari."

Akapiga wa hatari. Akaupiga kwa roho yake yote, na akauongezea madoido ya beni.

Kambi ikalipuka. Watu waliruka kwenye mahandaki na tende mkononi. Mmoja alilipiga risasi tangi la maji. Sajini aliyekuwa jikoni akionja uji wa kufuturu alikimbilia bunduki yake na kupita ndani ya sufuria badala ya kando yake. Mkuu wa kambi alitoka bafuni amejifunga kanga ya mkewe, na hapo mjomba, akiwa juu ya mnara, alifanya kosa la pili: kanga ile ilikuwa na maandishi, naye aliyasoma kwa sauti. Alikuwa na hakika kabisa kwamba hakufukuzwa kwa ajili ya tarumbeta. Alifukuzwa kwa ajili ya kanga.

Na mwezi haukuwa mwezi. Ulikuwa mfuniko wa ile sufuria ya uji, ambao mpishi aliuanika juu ya paa, ukingo wake ukashika jua la mwisho. Alipoulizwa na wakubwa kama ana la kujitetea, mjomba alisema kwa adabu kwamba ule mfuniko ulikuwa umesuguliwa vizuri sana.

Ukisikia hadithi kama hiyo unacheka, unafuta machozi, unaomba isimuliwe tena. Lakini hakuna anayekuajiri. Foleni zilipokwisha na ruksa ya biashara ikaingia, mitumba ikaja, sabuni zikawa za rangi saba, na huko Raskazone matajiri wapya wakaanza kutafuta walinzi wa mageti. Mjomba alivaa shati safi akaenda. Wakamuuliza alitokaje jeshini. Akasema kweli, kwa kuwa hakuwa na ujuzi mwingine. Wakaajiri mbwa, ambaye hakuulizwa alikotoka. Mjomba akabaki kupiga tarumbeta kwenye harusi, na kila mwisho wa Ramadhani watoto walimfuata njiani: "Mjomba, paani kwetu kuna miezi mitano, njoo utupigie tarumbeta." Hilo alilivumilia. Lililomuuma ni la msikitini. Siku moja alikwenda kweli kutoa habari kwamba ameuona mwezi, na wazee wakamshukuru sana, wakamkalisha, wakampa kahawa, kisha wakasubiri mtu mwingine auone.

Nilikuwa nimemaliza shule, nikijiona mtunzi na kulia kwa ajili ya machweo, wakati mjomba alipopenda. Alikwenda kupiga kwenye harusi moja kijijini Tongoni, na mwanamke mmoja aliyekuwa akipakua pilau, mjane wa makamo, muuza vitumbua, alimsogelea na mwiko mkononi. "Kaka," alimwambia, "hiyo unapiga harusi au unafukuza nguruwe shambani?" Mjomba alirudi nyumbani akarudia maneno hayo kila tulipokaa kula. Tukajua yamemfika.

Mjane hakuwa na baba. Walii wake, ambaye bila neno lake hakuna ndoa, alikuwa kaka yake, Sajini mstaafu, aliyetoka jeshini kwa mkongojo. Alikuwa na mguu ulioungua tangu gotini hadi kwenye unyayo, na Tongoni yote ilijua kwamba aliungulia vitani, mstari wa mbele. Tulipokwenda kuposa, mama, mimi, na mzee mmoja wa ukoo tuliyemfanya mshenga kwa kuwa alijua maneno mengi, tulimkuta amekaa kibarazani, mguu juu ya kigoda, kofia kichwani. Mjomba aliposogea kumsalimu, nilimwona Sajini akimkazia macho, na nikamwona mjomba akiutazama ule mguu. Wote wawili wakageuza nyuso upande mmoja, wakatazama kuku.

"Shikamoo, Afande," alisema mshenga, ambaye alimpita Sajini kwa miaka isiyopungua kumi na mitano.

"Huyu bwana," Sajini akasema, "alikuwa askari."

"Askari kamili."

"Alitokaje?"

Mshenga wetu, bahari ya maneno, alikauka. Alijikuna shingo. "Alitoka asubuhi," alisema.

Ndani, nyuma ya pazia, kuna mtu alicheka na kuzuia kicheko kwa kitu kama mto. Sajini hakucheka. Alisema dada yake ni binti wa watu, na yeye ni mtu aliyeondoka jeshini kwa heshima, na hatamkabidhi kwa mtu aliyefukuzwa, ambaye kwa maoni yake hafai kukabidhiwa hata kuku. Tulipewa kahawa na kashata, maana ustaarabu ni ustaarabu, tukaondoka.

Njiani, nyuma ya pikapu ya nazi, mjomba alihesabu nazi mpaka tulipoona taa za mjini.

"Ni yeye," alisema. "Ni yule wa kwenye sufuria."

Mama alikamata ukingo wa pikapu. "Yule wa uji?"

"Yule wa uji. Mimi walinifukuza, yeye wakampa mkongojo na kofia. Siku moja, sufuria moja."

"Basi gari ligeuke. Nikawaambie Tongoni yote huo mstari wa mbele ulipikwa kwa unga gani."

"Dada," mjomba akasema, "mtu ana mguu mmoja tu wa kujivunia. Nimnyang'anye?"

Mama alimwita mjinga mpaka tulipofika nyumbani. Lakini nilimwona akimwekea kipande kikubwa cha samaki.

Miezi ikapita, Ramadhani ikaingia. Mama, ambaye hakuwa amekubali kushindwa na mtu aliyeangukia chakula, alipata wazo. Kwetu mposaji hupeleka futari kwa wakwe, na futari ina haki yake: hairudishwi. Unaweza kumkataa mtu, lakini muhogo wake wa nazi uliofika wakati wa magharibi huwezi kuukataa, utakuwa umemkataa Mungu. Kwa hiyo siku ya ishirini na tisa tulikwenda tena Tongoni, mjomba na tarumbeta yake begani, mama na mimi, na sinia kubwa limefunikwa kawa. Mama alichagua siku hiyo kwa makusudi. "Ikiwa kesho ni Idi," alisema, "atakuwa na moyo laini."

Tulipofika, wanaume wa kijiji walikuwa wanarudi kutoka uwanda wa nyuma ya magofu ya kale, ambako huangalia mwezi upande wa bara, juu ya minazi. Wingu lilikuwa limetanda. Walikuwa wamekata tamaa, wanakimbilia tende. Redio ya dukani haikuwa na la kusema, betri zake zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi na hazikupata nguvu. Sajini, kwa ajili ya mguu, hakwenda uwandani. Alikuwa uani kwake, amesimama peke yake, kidevu juu.

Mjane alitupokea sinia kwa mlango wa nyuma bila kusema kitu, ila alimtazama mjomba kwa namna iliyonifanya niandike shairi baya. Kisha akaingia na mama kutafuta mahali pa kuliweka, wakaona jikoni hapana nafasi, wakanirudishia nilishike uani. Hapo jogoo wa Sajini akaja. Alikuwa na nia. Niliinama kumkinga, nikageuka naye huku, nikageuka naye kule, kawa imeniangukia miguuni, na katika kuzunguka huko nikasikia kimya cha ghafla. Nilipoinua uso, Sajini na mjomba walikuwa wamesimama bega kwa bega, wote wanatazama pengo dogo lililokuwa linajifunga kwenye wingu. Likajifunga. Mimi niliona jogoo tu.

"Umeuona?" Sajini aliuliza bila kugeuka.

Mjomba aliisukuma tarumbeta nyuma ya mgongo.

"Bwana, nakuuliza. Umeuona?"

"Mimi, Afande, vitu vya juu ya paa niliviacha."

"Hilo si paa. Hiyo ni mbingu."

"Hata siku ile nilidhani ni mbingu."

Sajini alivuta pumzi ndefu. Ni kwamba kuingia Ramadhani, kwetu, shahidi mmoja muadilifu anatosha. Kutoka, lazima wawe wawili. Yeye alikuwa ameuona kwa macho yake. Kufunga siku ya Idi ni haramu. Na katika kijiji kizima, shahidi wa pili alikuwa mtu mmoja, naye alikuwa amesimama pale akitazama vidole vya miguu yake.

"Twende," Sajini akasema.

"Wapi?"

"Msikitini. Na utembee mbele yangu, usije ukakimbia."

Mama alitoka mbio jikoni, akatwaa sinia, akamwachia jogoo kawa. Tukawafuata, mimi, yeye na mjane, tukasimama chini ya dirisha la msikiti mahali ambapo wanawake husimama wanapokuwa hawasikilizi.

Imamu alikuwa mtu mpole wa sauti ndogo, na nusu ya tende ilikuwa bado shavuni. Alisikiliza. Akafurahi. Kisha akauliza, "Shahidi wa pili ni nani?"

"Huyu."

"Huyu ndiye yule," imamu akasema polepole, "uliyetuambia hapa hapa, baada ya sala ya Ijumaa, kwamba hakabidhiki kuku?"

Watu wakaacha kutafuna.

"Ndiye."

"Sasa, Sajini, mimi nataka kesho iwe Idi. Mke wangu ameshakanda unga. Lakini sharti la shahidi unalijua. Mtu asiyefaa kukabidhiwa kuku, nitamkabidhi Idi ya watu wote? Nawe ndiye uliyetupa habari zake. Nieleze. Ni mkweli au si mkweli?"

Chini ya dirisha, mjane alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto na kilinukia iliki. Alijua, nami nilijua, na nadhani hata mama aliyebeba sinia kichwani alijua kwamba swali lile halikuwa la mwezi. Akisema si mkweli, kesho kijiji kitafunga, na mjomba atarudi mjini na sinia tupu. Akisema ni mkweli, atamkatalia dada yake kwa neno gani?

Fimbo ya Sajini ikagonga sakafu mara moja.

"Ni mkweli," alisema. "Aliona mfuniko, akadhani ni mwezi, akasema ni mwezi. Walipomwonyesha ni mfuniko, akasema ni mfuniko. Muongo angesema alisikia risasi, na wangemwamini, na leo angekuwa na kofia kama yangu."

"Wewe uliyajuaje yote haya?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo kambini?"

"Nilikuwa jikoni."

Minong'ono ikapita msikitini kama upepo kwenye makuti. "Jikoni, Sajini?" imamu akauliza kwa upole. "Si ulikuwa mstari wa mbele?"

Hapo mjomba alijitokeza. "Imamu, siku ile jiko ndilo lililokuwa mbele. Afande alikuwa akililinda. Ilikuwa kazi ngumu, moto ulikuwa mwingi, na—"

"Nyamaza," Sajini akasema. "Hata kunitetea hujui." Akaukunja mguu wa suruali mbele ya watu wote. "Nimeungua kwa uji. Uji wa mtama, wenye pilipili manga. Sasa mmefurahi? Kesho ni Idi."

Hakuna aliyecheka mara moja. Walijizuia kwa sababu ya mahali. Alianza mzee mmoja wa safu ya nyuma, akakohoa, kikohozi kikamgeuka kicheko, kisha imamu mwenyewe akaimeza tende vibaya, na mwishowe msikiti mzima ulikuwa unatikisika, na Sajini katikati yao, mguu nje, amekasirika mpaka akaanza kucheka naye. Nje, mjane alikuwa ameegemea ukuta na kufunika uso kwa mtandio. "Miaka yote," alisema. "Miaka yote namkanda kwa mafuta ya nazi, ananisimulia mizinga."

Imamu alipopata sauti alimwomba mjomba awatangazie watu. Mjomba akasita. Alimtazama Sajini kama mtu anayeomba ruhusa ya kupita.

"Mlio upi, Afande?"

"Unaujua mwingine wenye uchangamfu?"

Akapiga wa hatari, na madoido ya beni juu yake. Safari hii watu walitoka majumbani na vijiko. Kwenye uwanja wa msikiti tulilila lile sinia kwa mikono mingi, na mwezi, kama mtu mwenye haya, haukujitokeza tena, hata tukaamini kwa imani tu.

Ndoa ilifungwa Mfungo Mosi, mwezi ule ule wa Idi, mahari ndogo, vitumbua vingi. Si kwamba lile teke liliondoka. Raskazone mbwa aliendelea na kazi, na mtaani kwetu watoto waliendelea kumhesabia mjomba miezi ya mapaani. Lakini Tongoni, kila ishirini na tisa, walimwekea kiti pale uwandani karibu na cha Sajini, na hakuna aliyetangaza jambo mpaka wote wawili waseme. Kwa kawaida walibishana kwanza.

Siku ya kumchukua bibi harusi, Sajini alisimama mlangoni kwake amevaa kofia. Alikuwa ameandaa zawadi: sufuria kubwa, ya kupikia watu wengi, imesuguliwa hadi ikawa kioo, na mfuniko wake. Aliishikilia kwa muda kabla ya kuitoa.

"Shemeji," alimwambia mjomba, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo, "mfuniko huu usianikwe juu."

"Hautaanikwa, Afande."

"Na hiyo tarumbeta isilie mpaka mpite nyumba yangu. Nina chai jikoni."

Dada yake akacheka, akambusu mkono, akavuka kizingiti na sufuria kichwani. Sajini alisubiri mpaka upindo wa baibui lake umalize kupita, kisha, kabla yeyote hajauona uso wake, akarudi ndani akaufunga mlango.